Koti la Zamu Lililonivua Nguo

Jamani, leo uso wangu sijui niufiche wapi. Nimevuliwa nguo harusini. Harusi ya nani? Ya mwanangu mwenyewe, Milembe! Na aliyenivua hana kosa, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Ngoja nianzie kwenye koti. Miaka minne iliyopita fundi cherehani mmoja wa Runzewe alituita wanaume kumi na wawili, akatulisha wali na mbuzi. (Ukilishwa wali na mtu asiye ndugu yako, simama uondoke. Mimi niliongeza sahani.) Tuliposhiba akatoa koti jeusi la sufi, bitana inateleza kama kambare. Nguo zenyewe siku hizi mpaka foleni, mnajua. Akasema, "Wazee wangu, koti hili mtu mmoja haliwezi. Kila mmoja achukue wiki zake nne kwa mwaka. Ni zake maisha yote, akifa anarithi mwanawe."

Nikatoa mtamba. Mtamba mzima! Nikauliza wiki zangu ni zipi.

"Zako nzuri, mzee. Mwezi wa tatu. Hazina fujo."

Hazina fujo kweli. Ni Kwaresima! Nani anaoa Kwaresima? Nimebatizwa tangu niko mgongoni, lakini nikabonyeza dole gumba kwenye karatasi yake bila kufikiri. Miaka minne nimelivaa koti kwenye josho la ng'ombe. Mara moja nililivaa kwenye Njia ya Msalaba, padre akanitazama kana kwamba mimi ndiye Pilato. Kurudisha? Fundi anakuonyesha karatasi: "Dole lako hili hapa, mzee." Na sabuni na mkaa wa pasi unapeleka mwaka mzima, uvae usivae!

Basi, wakwe wa Ushirombo walipoleta posa ya Milembe, ilikuwa mwezi wa tatu. Wakanikuta ndani ya koti. Nikasema, "Koti langu hili." (Si uongo. Wiki ile lilikuwa langu.) Tangu hapo wananiita Mzee wa Koti. Heshima yangu yote kwao ilikaa kwenye yale mabega mawili.

Harusi ikaangukia zamu ya jirani yangu, Baba Kulwa. Akanikubalia. "Lakini zamu yangu inakwisha Jumamosi saa sita mchana. Zamu inayofuata ni ya Lusinge, naye siku hiyo anaoa."

"Misa ni saa nne," nikamwambia. "Saa sita tumemaliza zamani."

Leo pikipiki ya padre ikapata pancha! Tumetoka kanisani saa nane. Nikasimama chini ya turubai kuwakabidhi wakwe binti yao. Ndiyo kwanza nimesema, "Mimi ni mtu mwenye..." Lusinge huyo, na baiskeli, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, Baba Milembe."

"Marahaba."

"Saa sita imepita."

"Subiri nimalize hotuba."

"Padre ameshanitangulia kanisani kwetu, bibi harusi ananingoja, na mimi niko na kaptula! Ungekuwa wewe, mzee, ungesubiri?"

Hata wapishi waliacha kukoroga. Nikalivua.

Sasa niwaambie la shati. Shati langu ni kola na kifua tu. Mgongo Mama Milembe aliukata, akamshonea mjukuu gauni la ubatizo. Mikono ilishakwenda kwenye viraka. Nani angejua? Si nina koti!

"Wabeja sana!" Lusinge akanishukuru, akaruka juu ya baiskeli. Mimi nikageuka kutafuta kiti. (Kugeuka ndilo lilikuwa kosa.)

Vigelegele! Wanawake wa Ushirombo walipiga vigelegele! Bibi mmoja akapaza sauti, "Mkwe wetu ana dirisha!" Milembe akajifunika shela. Mke wangu akanifunga kanga yake, nikakaa nayo kama mzazi aliyejifungua jana.

Nikiwa pale, baba wa bwana harusi akaja kuketi karibu yangu. Nikajua ananiletea maneno ya aibu. Akakohoa.

"Mzee mwenzangu, lile koti ni sufi kweli?"

"Sufi."

"Na nafasi... haijabaki hata moja?"

Nikamtazama. Nikavuta sinia, nikampakulia wali, nikamwongezea na nyama.

"Zipo wiki nzuri sana," nikasema. "Mwezi wa tatu. Hazina fujo."

Msinicheke, jamani. Na akiwauliza Kwaresima inaanza lini, semeni mmesahau.