Ubongo Wangu Uko Kileleni

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi umekaribia! Jumapili kuna shindano la Biblia kanisani kwetu hapa Panda. Nafasi ni moja tu: mshindi anakwenda mkutano wa Kapolowe, katika taxi-bus moja na kwaya. Gaëlle anaimba kwenye kwaya. Nimekwisha kuandaa sentensi ya kumsalimia. Ina neno "jambo" na jina lake. Jina bado nalifanyia mazoezi.
Kizuizi: Nkambo Hortense, bibi yangu mzaa baba. Hushinda kila mwaka.

Jumanne, 4 Machi
Biolojia imeniokoa. Kitabu kinasema kasi ya ubongo hufikia kilele ujanani, kisha hupungua polepole, kwa sababu utando unaofunika nyuzi za neva huchakaa na ujumbe huchelewa njiani. Maskini Nkambo! Ukurasa unaofuata unasema maarifa na msamiati huendelea kukua hata uzeeni, kwani kila jambo jipya hupata la zamani la kushikamana nalo. Nadhani mwandishi aliwahurumia wazee.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemshawishi Pasta Magloire abadilishe kanuni: anayepiga makofi kwanza ndiye anayejibu. Amekubali, ila ameongeza kwamba akikosea, mwenzake atafikiri kadiri apendavyo. Jambo dogo.
Nilimweleza Nkambo habari za neva, kwa upole, asiumie. Alikuwa akitwanga majani ya muhogo ya sombe. Akasema neva zake zinamtosha, akanituma chumvi. Nilirudi na sabuni. Nilikuwa nawaza juu ya kasi yangu.

Jumapili, 9 Machi
Nilipiga makofi kwanza kila mara. Kila mara! Swali la kwanza: mke wa Boazi. Pa! Kanisa lote likanigeukia, Gaëlle pia. Kichwa kikawa kitupu. Nikasema Orpa. Wakacheka hadi wapiga ngoma. Nkambo akafumba macho, akaimba chinichini wimbo wa akina mama hadi akafika kwenye jina: Ruthu. Maswali yote yakaenda hivyo. Hana haraka hata kidogo. Utamshindaje mtu wa namna hiyo?
Nje akanishika bega. Kama nkambo wote, hunitania kwa kuniita mume wake.
"Bwana yangu, weye unafika wa kwanza, lakini unafika mikono mitupu. Usiogope. Ule Gaëlle unamutazamaka, miye nitamusalimia."

Jumapili, 16 Machi
Nkambo amerudi kutoka Kapolowe. Gaëlle alikaa naye njia nzima. Alipopewa salamu zangu aliuliza: ni yule wa makofi? Ananijua!
Nimesoma tena ule ukurasa wa pili. Kosa nimeligundua: mimi ni kijana mno. Hilo linarekebishika. Kuanzia leo nakunywa chai bila sukari, nalala kila baada ya chakula cha mchana, na kila mtu namwita "mutoto yangu". Mwaka ujao nitakuwa mzee wa kutosha.
Wa kwanza kumwita hivyo, kesho, ni Pasta Magloire.