Mashangazi wa Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Wanataka kuiuza shule yetu! Wenyewe wanasema kuikabidhi kwa mwekezaji. Kuuza huko. Binti yangu, mwalimu wa darasa la saba pale, kasema muswada unapigiwa kura Alhamisi. Ukipita, kampuni inachukua shule, na mtihani mmoja tu utaamua mtoto gani abaki na yupi aondolewe.

Mjukuu wangu atakuwa wa kwanza kuondolewa. Kitabu kizima anakusimulia, lakini mwekee karatasi ya mtihani, anatapika. Mimi shule sikuitia mguu. Herufi hizi kanifundisha binti yangu, nina mvi tayari. Mtoto wa watu afukuzwe kwa sababu ya tumbo? Labda nife kwanza.

Walimu waliomba kumwona mbunge. Katibu muhtasi wake kawaambia hana nafasi. Wakasema asante, wakarudi zao. Asante ya nini?

Nina mpango. Nani atathubutu kumwacha nje shangazi wa mheshimiwa? Kesho mimi ni shangazi.

Jumanne, 4 Machi

Nimevaa gauni la harusini na miwani ya marehemu mume wangu. Nimeamkia mtungi wa maji, nikidhani ni mtu. Si kitu. Katibu muhtasi kainuka kwa heshima zote. Nikamwambia mimi ndiye shangazi mkubwa, mgongoni kwangu mheshimiwa alilala. Kashangaa. Eti shangazi mkubwa ameshafika, yule pale anakunywa chai.

Nageuka. Kengele! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tunamwita hivyo kwa ile sauti yake. Mjukuu wake na wangu wanakaa dawati moja. Kakalia kiti cha karibu na feni, biskuti mkononi, haya hana. Akaniambia karibu dada, mbona umechelewa. Basi tukawa ndugu.

Nikamfinya. Mpango wangu kauibaje? Kasema niliutangaza mwenyewe uani nikianika nguo. Uongo! Nilikuwa naongea na ndoo.

Mheshimiwa katoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Tumerudi wote wawili, tumenuniana. Mara kaingia mama mmoja na kandambili zake na kikapu. Eti naye ni shangazi wa mheshimiwa. Jamani, watu hawana aibu! Nikasimama. Nikamwambia ukoo wetu tunaujua sisi, matapeli hatuwataki. Kengele akaongezea kuwa hata pua hawafanani. Mlinzi akaitwa.

Yule mama hakubishana. Kaweka kikapu chini, akaita kwa nguvu: Kikojozi!

Mlango ukafunguka. Mbunge mzima, tai shingoni, katoka mbio kama anaitwa kuoga. Naam, shangazi!

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Shangazi wa kweli akatugeukia. Kauliza, na sisi ni nani sasa? Kengele, bubu ghafla! Ikabidi niseme mimi. Nikasema yote: shule, kampuni, mtihani, tumbo la mjukuu. Machozi yakanitoka, na mimi silii ovyo.

Mama yule akamwuliza mheshimiwa kama anakumbuka nani alikuwa akitapika kila asubuhi ya mtihani, na mashati yake akiyafua nani. Na ni mwalimu gani aliyekuwa akimnawisha uso na kumrudisha darasani. Mheshimiwa akamwita katibu muhtasi.

Walimu wakapigiwa simu. Wakaja wamejaa vumbi la chaki. Binti yangu aliongea vizuri, nikasahau kwamba sijala. Mbunge kasema atalifikiria. Shangazi akasema vyema, naye kesho atakaa jukwaa la wageni bungeni aone anavyofikiri.

Alhamisi, 6 Machi

Redio mezani. Binti yangu kang'ata kucha zote, akaanza zangu.

Muswada umeanguka! Mbunge wetu kasimama, kakataa kwa sauti ya kusikika. Binti yangu kavua viatu, kakaa sakafuni, kacheka mpaka kwikwi. Mjukuu kala sahani mbili, kalala mchana kweupe, mdomo wazi, kama alivyokuwa mdogo. Nimekaa namtazama. Moyo umenitulia. Kengele kaja, tumekumbatiana, biskuti nimemsamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yangu kaniketisha chini, kwa upole, utadhani yeye ndiye mama. Kasema walimu wamehangaika mwaka mzima, wamebisha hodi kwa kila mbunge, na mimi nusura niwaharibie. Ningeweza kulala rumande. Nikaapa. Kwa moyo wangu wote nikaapa. Ushangazi basi!

Ila ule mtihani bado haujafutwa. Kumbe huo ni agizo la waziri, muswada uanguke usianguke, na waziri naye hana nafasi ya kuwaona walimu. Kengele kapata habari kuwa waziri kaoa juzijuzi, na ofisini kwake hakuna amjuaye mama mkwe wake.

Mama mkwe! Nani atathubutu kumwacha nje?

Safari hii nimewahi. Mama mkwe ni mimi. Kengele atanibebea mkoba.