Msiba wa Mkulima wa Pareto

Ndugu zangu, leo sina pa kuuficha uso. Nawaandikia jioni hii hii kabla hamjayasikia kwa wengine.

Mnajua ile kazi ya kuzunguka na gari la sinema, niliyoililia tangu Pasaka. Leo Bwana Shamba alinipa jaribio. Filamu yake haina sauti, kwa hiyo nipige kinanda mpaka watu wa Makambako wakubali kupanda pareto. Miche ikichukuliwa, kazi ni yangu. Tukaziba madirisha ya darasa kwa mablanketi. Watu wakajaa.

Mwanzo niling'ara. Mkulima kwenye pazia analima, mimi napiga wimbo wa mavuno. Hata jembe lilionekana jepesi. Watu wakapiga makofi. (Nikajiona nimeshapanda gari.)

Kisha mkulima akachoka, akajilaza kitandani, akafumba macho. Nikatafuta wimbo wa polepole. Sasa mimi ni mwalimu wa kwaya, mpiga kinanda wa kanisani, na wa polepole ninaoujua vizuri ni mmoja tu: ule wa makaburini. Nikasema moyoni, bila maneno nani atautambua?

Wote. Wanaume wakavua kofia. Waliokaa mabenchi ya mbele wakasimama. Bibi mmoja akaangua kilio, wengine wakaanza kuimba kwa Kibena, wamefumba macho. Ningenyamaza basi! Lakini nimezoea: waumini wakiimba, kinanda kinafuata. Nikafuata beti zote nne.

Kwenye ubeti wa pili mkulima aliamka, akajinyoosha, akaenda zake shambani. Hakuna aliyemwona. Walipofumbua macho, kwenye pazia alikuwepo mkewe peke yake, anauza maua ya pareto.

"Maskini, mjane," bibi akasema.

Mablanketi yakaondolewa. Bwana Shamba akauliza nani anachukua miche. Mzee wa kanisa akasimama.

"Bwana, maua yamemuua mwenzetu, nasi tuyapande?"

"Hakufa, mzee," nikasema. "Alikuwa amelala."

"Mwalimu," akanijibu kwa upole, "umemzika wewe mwenyewe."

Miche yote imerudi garini. Mimi nimeachwa. Kesho wanaionyesha filamu Njombe bila muziki, nami nimebaki hapa na kikapu cha unga wa ulezi, rambirambi ya mjane, niliyoagizwa nimfikishie. Anayejua anakokaa aniandikie. Wa kunicheka asijisumbue kununua stempu.