Ombi la Likizo Kutoka Katika Kustaafu, Pamoja na Habari za Jino Langu

Walubengo Mukhisa,
Nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga,
Tongaren.

Jumanne, wiki ya mwisho ya Novemba.

Kwa Naibu Chifu, Bi. Nabwile,
Kupitia kwa Mzee wa Kijiji, Bw. Wakoli (ambaye namwomba asiifungue).

Mheshimiwa Chifu,

MINT: OMBI LA LIKIZO YA SIKU THELATHINI KUTOKA KATIKA KUSTAAFU

Nakusalimu kwa heshima zote mbili unazostahili, kwa kuwa wewe ni mwanangu kwa umri na mkubwa wangu kwa cheo. Natumai huko ofisini mu wazima. Huku kwetu tu wazima pia, isipokuwa jino moja ambalo nitalieleza katika hoja ya nne.

Kama unavyojua, nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika ghala moja la mahindi mjini Kitale. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu. Mashine ya kupimia ilikuwapo, lakini kila msimu ukianza nayo ilikuwa inaugua, kwa hiyo nilipima kwa meno. Punje ikilia "ka", imekauka; ikinyamaza, mkulima anarudi nayo nyumbani. Niliwarudisha watu wengi, na baadhi yao mpaka leo hawanipi mkono kanisani. Nilistaafu miaka mitatu iliyopita, nikapewa saa ya ukutani na kuambiwa niende nikapumzike. Mapumziko hayo sijayaona, Chifu. Hoja zangu ni hizi.

1. Nilipokuwa kazini nilikuwa na likizo ya siku thelathini kila mwaka, na Jumapili juu yake. Tangu nistaafu sijapata hata nusu siku. Kwa haki ningedai siku tisini, lakini mimi si mtu wa makuu. Thelathini zinanitosha.

2. Shida yote ilianzia kwenye neno "yuko". Anayetaka shahidi wa kutia sahihi fomu anaambiwa aende kwa Mzee Walubengo, yuko. Anayesafiri na hana wa kumwachia kuku wake anakuja kwangu, kwa kuwa niko. Kamati ya mazishi ikikosa katibu, Mzee yuko. Mwezi uliopita nilisoma wasifu wa marehemu ambaye nilimwona mara ya kwanza siku hiyohiyo, kwenye picha, na nikalia, jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe. Naomba ofisi yako itangaze barazani kwamba mtu anaweza kuwa yuko na papo hapo akawa hayuko.

3. Sasa nije kwenye mahindi. Mwezi wa kumi jirani yangu Nasimiyu alikuja asubuhi na turubai moja na magunia mawili. Alisema kwake miti imezuia jua, akaomba aanike uani kwangu siku moja tu. Nilipokohoa kidogo ili aelewe, aliniuliza kwa upole: "Mzee, si uko tu?" Kweli nilikuwa nimeketi, kwa hiyo nikamshikia pembe ya turubai. Keshoye akaja Wakoli. Baada ya wiki mbili niliamka nikakuta uani kuna maturubai saba, na mama watoto anapita ukutani ukutani kwenda jikoni.

Ungejua nilichopoteza, Chifu, ungenihurumia. Nilikuwa na kiti changu cha kamba chini ya paa la jikoni. Saa saba mchana nilikuwa naketi hapo na kikombe changu kikubwa cha bati na viazi vitamu viwili vya kuchemsha, nasikiliza redioni matangazo ya vifo. Nilikuwa nasikiliza mpaka mwisho, nikiona sijatajwa nalala usingizi wa saa moja, mtamu sana. Sasa saa saba nageuza mahindi kwa reki, turubai moja baada ya lingine, na nikimaliza la saba la kwanza linataka kugeuzwa tena. Matangazo siyasikii. Inawezekana nimeshatangazwa.

4. Jino. Majirani waligundua kwamba aliyekaa na mahindi yao ndiye yuleyule aliyekuwa akiyang'ata Kitale, wakafurahi sana. Kila jioni wanapanga foleni na punje mikononi. Mzee, ng'ata hii. Mzee, na hii ya chini ya gunia. Nimewafundisha njia ya chupa: weka chumvi kavu, weka mahindi, tikisa, na chumvi ikishika kwenye kioo ujue bado mabichi. Walinisikiliza kwa adabu, kisha Nasimiyu akasema chumvi yake anapikia. Jumatano iliyopita jino langu la kulia, ambalo lilikuwa limetumikia taifa miaka thelathini na mmoja bila kulalamika, lilivunjika kwenye punje ya Wakoli. Nilipotoa kipande mkononi, Wakoli alitabasamu, akasema basi yake yamekauka. Akaenda zake kutafuta magunia.

5. Halafu ikaja mvua ya Ijumaa. Ilitokea upande wa mlima bila kupiga hodi. Maturubai yalikuwa saba na mikono yangu ni miwili, kwa hiyo nilifanya alichoweza kufanya mtu mwenye akili: nilianua yote, nikayamwaga sebuleni, rundo moja hadi karibu na saa yangu ya ukutani. Hakuna punje iliyolowa. Nilidhani nitashukuriwa. Badala yake jioni kulikuwa na mkutano, kila mtu anataka yake. Nasimiyu alisema yake anayajua kwa sura. Wakoli alisema yake yana adabu zaidi. Waliinama juu ya lile rundo saa mbili nzima wakichagua punje kama wanaotafuta ndugu waliopotea, kisha wakachoka, wakagawana kwa debe. Azimio lililopitishwa, na ambalo mimi kama katibu nililiandika kwa mkono wangu, ni kwamba Mzee Walubengo asiende mahali popote kukiwa na wingu.

6. Azimio hilo ndilo limenikaa kooni, kwa sababu lina Alhamisi ndani yake. Kila Alhamisi, tangu tustaafu siku moja, mimi na rafiki yangu Kipsang tulikuwa tunakutana Kitale, kwenye kibanda cha chai cha Wangechi, tucheze drafti kwa vifuniko vya soda. Mimi ni rangi nyekundu. Hatuongei sana. Yeye ananiuliza mgongo unaendeleaje, mimi namuuliza goti, kisha tunanyamaza mpaka jioni. Sijui kama nimeeleza vizuri, lakini wiki yangu yote ilikuwa inaegemea siku hiyo. Hata kabla ya azimio, maturubai yalikuwa yameshanikosesha Alhamisi sita. Kipsang anajipa ushindi wa chee kila mara, na juzi alinitumia ujumbe kwamba nisipofika Alhamisi hii, kiti changu atampa Gikonyo aliyestaafu juzijuzi. Gikonyo, Chifu, anacheza drafti kama mtu anayepanga viatu. Nikipoteza kiti hicho nitabaki na mahindi tu, na mahindi hayaulizi mgongo wa mtu.

7. Hoja hii naiandika kwa woga. Turubai la saba, lile la buluu lenye kiraka pembeni, ni lako.

Kwa sababu hizo naomba likizo yangu ianze Alhamisi hii. Nimefikiria pia nani awe kaimu mstaafu nisipokuwapo. Wakoli hafai, kwa kuwa hajui kukaa mahali pamoja. Wewe mwenyewe ungefaa kabisa, na ofisi yako ina ua mpana wenye jua zuri, lakini bado una miaka mingi ya kufanya kazi. Kama likizo haiwezekani, naomba uhamisho: dada yangu yuko Kabuchai, kwenye miwa, na miwa haianikwi. Na kama uhamisho nao hauwezekani, basi pokea barua hii kama notisi ya mwezi mmoja kwamba najiuzulu kustaafu. Nitarudi Kitale niombe kazi upya kuanzia ngazi ya chini, ili nipate Jumapili.

Nisalimie mumeo na watoto. Nisalimie karani wako na yule askari wa langoni anayependa kusinzia. Mwambie namwonea wivu. Msalimie pia mama yako, umwambie mahindi yake ya mwaka ule niliyoyarudisha yalikuwa mabichi kweli, sikuwa na ubaya.

Ni mimi mtumishi wako, niliyepumzishwa nisipumzike,

Walubengo Mukhisa.

Nyongeza, Ijumaa asubuhi. Chifu, barua hii bado iko kwangu kwa sababu Wakoli hakukumbuka kuichukua. Jumatano jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Walikuja mmoja mmoja, niking'ata yanalia, wakafunga magunia, wakashukuru, wakaenda. Jana Alhamisi nilikwenda Kitale. Kiti changu kilikuwapo. Kipsang aliniuliza mgongo, nikamuuliza goti, na katika mchezo wa pili nilikuwa na kingi mbili, nakaribia kumfunga, nilipoona wingu linashuka kutoka mlimani. Sikuaga. Nilipanda bodaboda mpaka nyumbani nikimhimiza kijana wa watu aongeze mwendo, na nilipofika niliingia uani nikikimbia. Hapakuwa na kitu. Mvua ilinyesha kwenye ardhi tupu, nami nikasimama nikiitazama mpaka mama watoto akanishika mkono kuniingiza ndani.

Leo nimetandaza turubai letu wenyewe. Halina kitu juu yake. Tangu saa mbili nimeshafukuza kuku mara nne. Nasimiyu alipita njiani nikamuuliza kama maharagwe yake yamekauka, akasema yamekauka, nikamwambia ayalete tu tuhakikishe. Amesema ataona.

Kwa hiyo naomba lile ombi la likizo lifutwe, na uhamisho pia, na ile notisi. Turubai lako la buluu sijalirudisha. Nimelikunja vizuri, liko sebuleni. Lifuate mwenyewe, na ukija beba chochote kilicho na unyevu. Jino la kushoto bado ni zima.