Ziara ya Mama Philadelphia na Kiti Changu cha Jikoni

Jumatatu, 9 Februari

Mama amepiga simu kutoka Florida. Anakuja Jumamosi! Tangu ahamie kwa dada yetu huko kwenye jua, hajarudi Philadelphia hata mara moja. Nikamwomba alale kwangu. Akasema goti lake bovu halimruhusu kutembea, wala kuchagua. Gari likisimama karibu na mlango wangu, atalala kwangu. Likisimama karibu na wa Gaetano, kwa Gaetano.

Gaetano ni kaka yangu. Nyumba zetu zinatazamana, na mtaa wenyewe mwembamba kama ukanda. Krismasi zote kwake. Ubatizo wote kwake. Hata msiba wa Baba kwake! Safari hii Mama ni wangu. Nimemkumbuka mno, nasema wazi.

Ziara nimeshaipanga: ile kengele mashuhuri yenye ufa, ukumbi lilimotiwa saini tamko la uhuru wa Marekani, kaburi la Franklin, mmoja wa waasisi wa nchi. Mama kazaliwa jirani kabisa na kengele ile na hajawahi kuingia kuiona. Wala mimi. Wala mtu yeyote ninayemjua.

Jumanne, 10 Februari

Theluji! Hadi magotini! Magari huegeshwa upande wangu tu wa mtaa. Na sheria ya kwetu inajulikana: aliyechimba theluji na kupata nafasi ya gari ndiye mwenye nafasi. Anaweka kiti, anaenda zake. Kiti cha mtu hakiguswi. Polisi hagusi, padri hagusi.

Nimechimba nafasi ya gari la Mama mlangoni pangu mpaka mgongo ukagoma. Nimeweka kiti cha jikoni. Gaetano alikuwa akichungulia nyuma ya pazia. Nikampungia sepetu.

Jumatano, 11 Februari

Gaetano kavuka mtaa na kikombe chake cha kahawa. Kasema siku hizi kuna wapangaji wapya wasio na adabu, kiti kitupu hakitawazuia. "Mdogo wangu, mimi nakuonea huruma tu. Ungeweka kitu cha kuwatia hofu kidogo." Huruma! Gaetano! Lakini wazo ni zuri. Nimeliiba.

Nina sanamu ya Bikira Maria niliyoshinda kwenye bahati nasibu ya parokia. Nimeisimamisha kitini na kuifunga skafu. Sasa nani atathubutu?

Alhamisi, 12 Februari

Bibi Filomena wa pale kona kapita, kaona, kapiga magoti kwenye theluji. Shemeji Ottavia, mke wa Gaetano, kaleta mshumaa. Nikaingia ndani kuchemsha maji. Kutoka, mishumaa imejaa! Mtu kaleta waridi. Mwingine kaleta sahani ya biskuti za lozi. Nimekula chache.

Mchana akaja mtembeza watalii, yule anayevaa kofia ya pembe tatu kama watu wa kale. Hajawahi kukanyaga mtaa wetu. Kawaambia watu wake kwamba kiti hicho kipo hapo tangu enzi za wakoloni wa kwanza. Nilikinunua juzijuzi! Sikumkanusha. Wamepiga picha kweli kweli. Gaetano hajatokea dirishani. Ameshindwa, maskini.

Ijumaa, 13 Februari

Nimejaribu kuisogeza sanamu, nione kama gari la Mama litaenea. Bibi Filomena kanipiga mkoba kichwani. Mle ndani ana nini, matofali? Kaniita mwizi wa vitu vitakatifu. Nikajitetea: kiti changu, sanamu yangu, theluji nimechimba mimi. Akasema Bikira hana mwenyewe mtaa huu. Kina mama wamepangiana zamu za rozari mpaka Jumapili.

Nikaenda kwa Gaetano kuomba anisaidie kuwasihi. Kasema pole sana, lakini kiti cha mtu hakiguswi. Alikuwa akitandika kitanda cha wageni huku akipiga mluzi. Anamtandikia nani?

Jumamosi, 14 Februari

Nimevaa tai. Gari likaingia mtaani. Nikatoka mbio, nikakumbatia kiti, sanamu na skafu kwa pamoja. Dirisha likashuka. Mama! Kazeeka, lakini sauti ni ileile.

"Silvio! Toa mikono! Nilikuzaa uje uguse kiti cha mtu?"

Nikasema ni changu, Mama.

"Kila anayekamatwa husema hivyo. Na Mama wa Mungu naye ni wako?"

Zamu nzima ya rozari ikaitikia amina. Dereva akasimamisha gari katikati ya mtaa. Mlango wa Mama ukafunguka upande wa Gaetano, kizingiti chake pale pale, na Gaetano juu yake, mikono wazi. Nimelia kidogo. Ilikuwa baridi.

Jumapili, 15 Februari

Chakula cha mchana kwa Gaetano. Tambi na mipira ya nyama. Viti havikutosha, nikaambiwa nilete changu. Changu kiko kazini. Nimekula nikiwa nimekalia ndoo, karibu na friji, mbali na Mama.

Nikamsomea mpango wa ziara. Akauliza kengele isiyolia ataifanyia nini. Anachotaka kuona ni kile kiti cha Bikira. Basi nikamvusha mtaa. Akasali. Akanishika mkono muda mrefu, nikatamani asiuachie.

"Aliyefanya haya," akasema, "mama yake alimlea vizuri."

Nikafungua mdomo. Bibi Filomena akainua mkoba. Nikaufunga mdomo.

Mama anarudi mwezi wa sita. Mwezi wa sita hakuna theluji, lakini mimi kiti tayari kipo! Gaetano kaninong'oneza kwamba kimoja hakitatosha, kwa huruma tu. Anasema kweli. Kesho naongeza cha pili, na juu yake Mtakatifu Yosefu.