Mtaa Wowote Isipokuwa Waberi

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefika Garissa salama, alhamdulillahi. Mke wangu Saado ni muuguzi, na amehamishwa kutoka Habaswein kuja kufanya kazi huku. Mimi nimetangulia kutafuta nyumba. Masharti yake ni machache. Shule iwe karibu. Dugsi ya Qur'ani iwe karibu zaidi. Maji yatoke kwenye mfereji. Na majirani wawe watu wa kujua mtoto ni wa nani. Watoto wetu ni wawili: Filsan, mwenye miaka sita na miguu isiyotulia, na Mowlid, ambaye bado ananyonya.

Mimi nina sharti moja tu, na sijamwambia mtu. Tusikae Waberi.

Waberi anakaa shemeji yangu Mustafe, kaka yake Saado. Ana duka la vitambaa, ndevu za hina, na maoni. Kila biashara yangu yeye huiona ikifa kabla haijazaliwa. Niliponunua mbuzi wa Idd, aliniambia wana homa hata kabla sijawashusha kwenye lori. Walikuwa na homa. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Jioni amenialika chai. Akasema nyumba iliyo ubavuni mwa yake iko wazi, na mtaa ni mzuri kwa watoto. Nikamshukuru. Nikasema nitaifikiria.

Sitaifikiria.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata! Nyumba imetazamana na soko la mifugo. Mimi ni dalali wa mbuzi. Kutoka kitandani hadi kazini ni kuvaa viatu tu. Mbele kuna uwanja mpana, kimya kabisa, hata kuku hayupo.

Nimempigia Saado simu. Nikamwambia ni mtaa tulivu wenye eneo la wazi. Akauliza eneo la wazi la kazi gani. Nikasema mtandao unakatika.

Mpango: wanafika kesho, anaipenda, Jumanne tunaingia. Ikifika Jumatano, siku ya mnada, atakuwa ameshatundika mapazia. Saado akishatundika mapazia hang'oki.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua. Basi limekwama kwenye matope upande wa Modogashe. Saado anasema wote wazima, wamepata jamaa wa kuwalaza. Nimemwambia wasiharakishe. Wakae hata mpaka Alhamisi. Akasema nimekuwa mwema ghafla, ana wasiwasi.

Jumatano, 12 Novemba

Wamefika leo asubuhi. Jumatano.

Nilijaribu kuwachelewesha kwa chai na mahamri. Saado akataka kuona nyumba kwanza. Tukaenda. Lile eneo la wazi halikuwa wazi. Ng'ombe, mbuzi, malori, wanunuzi waliotoka kila upande wa nchi, na vumbi hadi mawinguni. Fahali mmoja alikuwa ameingiza kichwa kwenye dirisha la jikoni. Nikasema wanapita tu.

Saado akamtazama fahali, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti.

"Baba Filsan," akasema, "mimi nilikuomba shule."

Filsan alitaka tumchukue yule fahali. Yeye peke yake alikuwa upande wangu.

Tumelala kwa Mustafe. Alikuwa akitabasamu ndani ya kikombe cha chai, na hiyo ni mbaya kuliko maoni yake.

Alhamisi, 13 Novemba

Nyumba mpya, karibu na mto. Migomba, kivuli, hewa baridi. Mwenye nyumba ni Mzee Yarow, mtu mpole. Nimependa hasa rangi za kuta: hudhurungi chini, nyeupe juu, na mstari ulionyooka vizuri usawa wa kifua changu. Nikamsifu kwa ladha yake. Akasema ahsante, huku akitazama miguu yake.

Saado akapitisha kidole kwenye hiyo hudhurungi. Ikatoka unga. Lilikuwa tope lililokauka. Akamwambia Mzee Yarow kwamba ana mtoto mchanga, na anamwomba ukweli kwa jina la Mungu.

Mzee Yarow si mtu mbaya. Akasema mto ulipofurika, maji yalifika pale kwenye mstari, na familia yake ilikaa juu ya paa mpaka boti ikaja. Akaongeza kwamba mwaka huu hayajafika bado.

Saado akamwuliza yeye mwenyewe anahamia wapi.

"Waberi," akasema Mzee Yarow.

Ijumaa, 14 Novemba

Hali ni mbaya. Saado ameomba aione ile nyumba ya jirani na Mustafe. Kesho baada ya swala ya alasiri.

Lakini nina akili. Baada ya swala ya Ijumaa nimemwona Abshir, rafiki yangu wa tangu Habaswein, sasa anaendesha tuktuk hapa mjini. Kazi yake ni hii: Saado akitoka kukagua nyumba, Abshir atapita kama mkazi wa Waberi mwenye uchungu. Atasema kwamba mtaa huu hakuna anayejali mtoto wa mwenzake. Sentensi moja tu, maana Abshir hawezi kubeba mbili. Saado alimwona mara moja tu, harusini kwetu, na siku hiyo alikuwa na mengi ya kutazama.

Tumefanya mazoezi mpaka akaisema bila kucheka.

Jumamosi, 15 Novemba

Nitaandika polepole.

Saado aliingia kuiangalia nyumba pamoja na Mustafe, Mowlid akiwa mgongoni. Akaniambia nibaki na Filsan getini. Nilibaki. Kisha nikaenda mpaka kona, mara moja tu, kumkumbusha Abshir sentensi yake. Niligeuka. Getini hapakuwa na mtu.

Nilidhani amejificha. Nikatazama nyuma ya ukuta, nyuma ya tangi la maji. Nikaanza kukimbia. Nilikuwa nikifikiria barabara kuu na malori yake. Nilikuwa nikifikiria mto. Kiatu kimoja kilinitoka, sikurudi kukichukua. Nikaita jina lake mpaka sauti ikakauka.

Halafu ikabidi nikamwambie mama yake. Uso wake sitauandika.

Kwenye geti la pili alikuwa amekaa Mama Saynab, anayeuza mikate ya anjera. Hakupiga kelele. Aliuliza tu mtoto amevaa nini. Shela ya kijani, akasema Saado. Mama Saynab akaita ng'ambo ya njia. Fundi cherehani akajibu kwamba amemwona, alikuwa akimfuata mbuzi. Akatuelekeza kwa kinyozi. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, akamwacha mteja na nusu ya kichwa, akasema alimrudisha alipomwona anaikaribia barabara. Sura hakuijua, akamkabidhi mama mmoja aitwaye Weris, aliyekuwa akipeleka wanawe dugsi.

Tulikutana na Weris njiani. Alikuwa anakuja kwa Mustafe. Sura ya mtoto ni ngeni, akasema, lakini ile pua ni ya nyumba ya Mustafe.

Filsan alikuwa dugsi, amekaa katikati ya wasichana, ameazimwa loho, ule ubao wa kuandikia aya, anasoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakujua kwamba alikuwa amepotea.

"Aabo," akaniambia, "kiatu chako kiko wapi?"

Nilikaa mchangani. Nililia mbele za watu, na sikuona haya. Saado alimkumbatia Filsan. Mustafe alinishika bega, na maoni yake akayameza. Leo namshukuru kwa hilo.

Tulirudi sote: Mama Saynab, Weris, fundi, kinyozi, na yule mteja wa nusu kichwa. Pale getini alikuwa akisubiri Abshir. Alipoona umati, akaamini saa yake imefika. Akasimama mbele ya Saado, aliyekuwa amembeba Filsan, akakunja uso kwa uchungu kama nilivyomfundisha.

"Dada," akasema, "mtaa huu hakuna anayejali mtoto wa mwenzake."

Mama Saynab akamwuliza yeye ni wa nyumba ipi. Abshir akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.

"Abshir," akasema Saado, "habari za siku nyingi. Ulicheza sana kwenye harusi yetu." Kisha akanigeukia. "Baba Filsan, tunahamia hapa."

Nikasema sawa. Nilisema kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 24 Novemba

Tumeingia Waberi. Mapazia yametundikwa. Maji yanatoka. Shule iko nyuma ya msikiti, itafunguliwa Januari. Filsan hawezi kufika hata kwa fundi bila watu kumwuliza kama mama yake anajua. Saado anaimba akipika. Nalala usingizi ambao sijaulala tangu Habaswein. Mungu ashukuriwe.

Mama yangu amepiga simu akauliza nani aliyechagua mtaa mzuri hivi. Nikamwambia ni mimi, baada ya kuchunguza mitaa mingine miwili kwa makini. Ni kweli kabisa.

Ndiyo maana limenishangaza jambo moja. Kamati ya mtaa inatafuta mwenyekiti, na Mustafe anadhani ni yeye. Mustafe! Mtu ambaye hajawahi kutafuta mtaa maishani mwake. Anayefaa ni mtaalamu.

Nimeshapanga. Kesho Abshir atapita nyumba kwa nyumba kama msafiri kutoka mbali, aliyesikia sifa zangu njiani. Sentensi moja tu. Ataanzia kwa Mama Saynab, maana huyo anasikilizwa.

Abshir ana wasiwasi. Nimemtuliza. Nimemwambia avae miwani ya jua, na kwamba huku Waberi hakuna anayemjua.