Mkate wa Harusi na Sabuni ya Zizini

Ijumaa, 4 Septemba 1964
Sasa hivi Donka amemvika paka kitambaa changu cha kichwa, kamlaza kwenye mto wangu, ananikemea: mama, usipige kelele, mtoto kalala! Ana miaka miwili na nusu. Nimecheka mpaka "mtoto" kaamka, karuka dirishani na kitambaa.

Habari kubwa! Wifi yangu Stanka anaolewa Jumapili ya wiki ijayo. Alhamisi unakandwa mkate wa harusi. Mkandaji sharti awe mke kijana, wazazi wake wote hai, mikono haina doa. Tuko wawili: mimi, na Vasilka, mke wa shemeji yangu. Mama mkwe atakagua mikono siku hiyohiyo. Miaka minne katika nyumba hii, kazi yangu vitunguu tu! Safari hii ni mimi.

Jumamosi, 5
Mpango ninao. Mume wangu Stoyko anakamua ng'ombe wa ushirika. Huniletea sabuni ya wakamuaji, inaua vijidudu vyote. Tangu mavuno ya ngano naitumia kidogo kidogo kwa siri. Leo nimenawa mara saba, na uso. Vasilka kanusa, kaniuliza kama naposwa na fahali. Wivu!
Kutwa tumechuma pilipili hoho juani.

Jumatatu, 7
Mikono inawasha, imekuwa myekundu. Uso pia. Vasilka kasema kumbe mwaka huu hata wachumaji wanaiva. Mimi najua: ni uchafu unatoka! Nimenawa mara kumi.

Jumanne, 8
Maskini mimi. Nimevimba, malengelenge mikononi. Lakini ndani ya blauzi ngozi ni nyeupe kama jibini! Nilishuku kijicho cha Vasilka. Ila kijicho gani kinaishia kwenye pindo la blauzi?
Daktari Lozan kaniuliza nanawia nini. Kasema sabuni peke yake ingeniacha salama, jua peke yake lingeniacha salama. Vikikutana juu ya ngozi yangu ndipo vita. Niitupe, nikae kivulini, na kila sabuni ya kuua vijidudu niikimbie. Nikamwuliza, nitapona kabla ya Alhamisi? Kacheka, kanipa mafuta ya kupaka.
Donka ananipuliza vidole kimoja kimoja, kama uji wa moto. Roho yangu.

Alhamisi, 10
Mpango wa pili! Nimejipaka unga mpaka viwikoni, nikasimama mbele ya mama mkwe kama malaika. Vasilka mdomo wazi. Mama kanitazama mimi, kautazama mfuko wa unga: haujafunguliwa. Ungo haujaguswa. Kaniuliza, mwanangu, huo unga umekuangukia kutoka mbinguni? Akapuliza. Yote yakaonekana.
Vasilka kakanda. Mimi nimewekwa kivulini kufukuza nzi.
Alasiri mama kaja na bakuli la mtindi, kanipaka mikono mwenyewe, polepole. Kasema Stanka akijaliwa mtoto, mkate wa ubatizo ni wangu, mikono ikiwa mizima. Nimelia. Vasilka kasema nisidondoshee machozi kwenye mtindi.

Jumapili, 13
Harusi! Ngozi inabambuka, chini yake laini kama ya Donka. Nimewaza sana, nimeliona kosa langu. Ile ilikuwa sabuni ya ng'ombe. Mimi si ng'ombe! Shangazi kutoka mjini kaniletea sabuni ya watu, ya kijani, karatasi yake inasema inaua vijidudu maradufu. Hii daktari hajaiona, atakatazaje asichokijua? Ubatizo labda mwaka ujao, lakini mikono haitayarishwi kwa siku moja. Nimeshanawa mara tatu, na shingo. Vasilka kauliza harufu hiyo inatoka wapi. Nimemwambia ni ya ushindi.
Jua linawaka kweli. Zumari limeanza uwanjani. Mama mkwe anaita: Gergina, toka humo ndani, njoo unishike mkono tucheze! Naja, mama! Nipitie kwenye beseni mara ya nne tu, maana hii ya kijani ukiiacha ikauke juu ya ngozi ndiyo inaua vyote!